Babu mwanajeshi, kikohozi chake na hesabu ya wiki 12

Njia ya kupanda Vidunda kutoka bondeni, upande wa Kidodi, ina tabia ya kupima watu. Mtoto wa shule huipanda akipiga soga. Mama mwenye ndoo ya maharage kichwani hupumzika mara moja, mahali penye kivuli. Mzee aliyewahi kuwa askari hupanda bila kusimama, tena kwa makusudi, ili wajukuu waone. Ndiyo maana siku anapoanza kusimama mara tatu, akijifanya anatazama bonde, watu wa nyumbani hawaoni ugonjwa. Huona uzee.

Kikohozi nacho hupata maelezo yake. Vumbi la mahindi. Baridi ya milimani ya mwezi wa sita. Moshi wa jikoni. Sigara, ambayo imekuwa mdomoni mwake tangu kabla mwanawe mkubwa hajazaliwa, hutajwa mwisho na kwa utani. Mzee mwenyewe hufunga mjadala kwa jibu ambalo familia za wanajeshi wastaafu zinalijua kwa moyo: mtu aliyepita Kagera hauawi na kikohozi.

Kwa hesabu ya umri, kizazi hicho ndicho kinachofika sasa mahali pa hatari. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku hiyo sasa ameshavuka 65. Waliokwenda hawakuwa askari wa JWTZ peke yao. Mgambo nao walikusanywa, wakapewa bunduki na safari ndefu ya kwenda mpakani. Wapo waliorudi na hadithi, na wapo waliorudi na hadithi pamoja na sigara.

Sigara na jeshi ni marafiki wa zamani duniani kote. Usiku wa lindo ni mrefu, njaa haiishi, na moto mdogo uliofichwa ndani ya kiganja humfanya mtu ajione hayuko peke yake. Jeshi la Marekani lilikuwa likiweka sigara ndani ya pakiti za chakula cha askari wake, na halikuacha hadi mwaka 1975. Matokeo yake, hospitali za maveterani za nchi hiyo zimetibu saratani ya mapafu kwa wingi kiasi cha kuweza kuhesabu jambo ambalo hata familia ya Vidunda inalihitaji: mzee akikutwa na uvimbe ungali mdogo, akapasuliwa, anaishi muda gani, na ni kitu gani humwongezea au kumpunguzia siku.

Jibu la kwanza ni la kutia moyo, na inafaa lisemwe kwa sauti, maana watu wengi wakisikia "kansa ya mapafu" huanza kuulizana habari za sanda. Ni kweli kwamba hakuna saratani nyingine inayoua watu wengi kama hii duniani. Kwa mwaka 2022 ilikadiriwa kuua watu milioni 1.8. Lakini wagonjwa wengi hugundulika ikiwa imeshasambaa mwilini, na katika hali hiyo chini ya mmoja kati ya kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Ikikutwa hatua ya kwanza, yaani uvimbe ni mdogo, uko ndani ya pafu na haujafika kwenye tezi, hesabu hugeuka. Zaidi ya nusu ya wanaofanyiwa upasuaji huivuka miaka mitano, na kwa wale ambao uvimbe wao hauzidi sentimita moja ni kama tisa kati ya kumi.

Jibu la pili linahusu kalenda. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa maveterani 9,904 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu ya hatua ya kwanza, karibu wote wanaume. Walihesabu siku tangu picha ilipoonyesha uvimbe hadi siku ya kisu. Wastani ulikuwa kama siku 70. Walichokiona ni kwamba kusubiri hakukuwa na madhara ya kuonekana mpaka wiki ya 12. Baada ya hapo, kila wiki iliyoongezeka iliongeza uwezekano wa saratani kurudi, na waliocheleweshwa hivyo waliishi muda mfupi zaidi.

Wiki 12 ni miezi mitatu kasoro siku chache. Kwa mkulima wa Vidunda ni kama tangu kupanda maharage hadi kuyavuna. Si muda wa kutia kiwewe. Hakuna haja ya kuondoka usiku huohuo wala kuuza shamba kwa bei ya kutupa kabla ya Jumatatu. Ila si muda wa kulala pia, na shida iko mahali unapotumika.

Mara nyingi hutumika kwenye TB. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hiyo mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi hutafutwa TB kwanza, na hiyo ni sahihi kabisa. Dawa zake ni bure, na TB isiyotibiwa huua, tena huambukiza wajukuu. Ugumu ni kwamba magonjwa haya mawili yana dalili za mapacha: kikohozi kisichokoma, kukonda, uchovu, damu kwenye makohozi. Hata picha ya eksirei inaweza kuonyesha kivuli ambacho madaktari wawili watakisoma tofauti. Na daktari anaruhusiwa kuanzisha dawa za TB hata kama makohozi hayakuonyesha vijidudu, akiona kwamba dalili na picha vinatosha, kwa kuwa kumwacha mgonjwa wa TB bila dawa nako kuna hatari yake.

Dozi ya TB ni miezi sita. Hapo ndipo hesabu inapouma. Mzee mwenye TB kweli, kwa kawaida, huanza kupata nafuu ndani ya wiki chache. Hamu ya kula hurudi na mkanda wa suruali hurudi kwenye tundu lake la zamani. Mzee ambaye kivuli chake ni uvimbe humeza vidonge kwa uaminifu wa kijeshi, kila asubuhi saa ileile, na mkanda unaendelea kuhama tundu. Miezi sita ni wiki 26. Anapomaliza dozi na kupigwa picha nyingine, zile wiki 12 zimeshapita mara mbili, na kile kilichokuwa pembeni mwa pafu kinaweza kuwa kimefika kwenye tezi, au kwenye mfupa.

Si suala la kumtafuta mchawi. Kuna maswali ya kuuliza, basi. Makohozi yalipimwa? Yalipimwa kwa GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu cha TB, au kwa darubini peke yake? Majibu yalisemaje? Kama hayakuonyesha TB, na mgonjwa amevuka miaka 50 na amevuta sigara miaka mingi, picha nyingine itapigwa lini? Kipimo cha CT kinahitajika? Baada ya miezi miwili ya dawa, uzito umepanda au umeshuka? Mwuguzi wa kliniki ya TB huandika uzito kila mara. Namba ziko kwenye kadi, mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuzilinganisha.

Katika kila ukoo yuko mmoja anayefaa kwa kazi hiyo, na mara nyingi si mtoto mkubwa wa kiume. Ni yule binti mwenye namba ya mwuguzi kwenye simu yake, anayekumbuka kliniki ya mama mkwe na chanjo za watoto kwa pamoja. Mwenye gari atasubiri zamu yake.

Tahadhari moja hapa. TB na saratani huweza kukaa kwenye kifua kimoja, na makovu ya TB ya zamani huongeza hatari ya saratani. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya mtu kutupa vidonge vya TB dirishani kwa sababu amesoma gazeti.

Kuna jambo gumu kuliko hayo. Uvimbe wa hatua ya kwanza mara nyingi hauleti kikohozi wala maumivu. Hugundulika kwa bahati: mzee amepigwa picha ya kifua kwa ajili ya upasuaji wa ngiri, au baada ya kuanguka na bodaboda, na kwenye karatasi ya majibu kuna mstari mmoja unaotaja doa kwenye pafu. Marekani wameamua kutosubiri bahati. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, na waliopimwa kwa CT ya mionzi kidogo walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 20 pungufu ya wale waliopigwa eksirei. Tangu 2021 ushauri wa huko ni kipimo hicho kila mwaka kwa mwenye miaka 50 hadi 80 aliyevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, kama bado anavuta au aliacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Kwetu mpango wa kitaifa wa namna hiyo bado, kwa hiyo ule mstari mmoja kwenye karatasi ya ngiri ndio mpango wenyewe. Karatasi ikikunjwa na kuachwa kwenye mfuko wa koti, bahati nayo imekunjwa.

Tuseme doa limeonekana, kinyama kimechukuliwa na kupimwa, na daktari ametamka neno lenyewe. Hapo huitwa kikao.

Wavidunda ni miongoni mwa watu wa Morogoro wanaohesabu ukoo upande wa mama, na mjomba haitwi kwa heshima tu, ana kauli. Kikao humsubiri mjomba. Humsubiri pia kijana aliyeko mbali apate ruhusa kazini. Husubiri mahindi yauzwe. Ikiwa ni masika, husubiri njia ya kushuka ikauke. Kila sababu, ukiitazama peke yake, ni ya maana. Zikipangwa kwenye mstari zinakula wiki tano bila mtu yeyote kuwa mzembe.

Kisha mtu mmoja husema, "Kansa ikiguswa na kisu inasambaa." Naye ana ushahidi: shemeji yake alipasuliwa, hakumaliza mwezi. Kikao hunyamaza. Mzee, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa anatafuta sababu ya kutokwenda, anakuwa ameipata.

Imani hiyo haikuzaliwa milimani. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 626 kwenye kliniki za mapafu za miji mitatu ya Marekani, zikiwemo za hospitali ya maveterani. Asilimia 38 waliamini kwamba hewa ikigusa uvimbe wakati wa upasuaji, saratani husambaa. Kwa Wamarekani weusi ilikuwa asilimia 61, na wapo waliosema wangekataa kisu kwa sababu hiyo. Chanzo chake kinaeleweka. Watu wengi walipasuliwa zamani ugonjwa ukiwa umeshatapakaa, wakafa, na aliyeonekana kuwa wa mwisho kuwagusa ni daktari. Hewa haisambazi saratani. Muda ndio huipa nafasi.

Na kisu kinapowahi, hakichagui rangi. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 1999, ulitazama wazee waliokutwa na saratani ya mapafu mapema. Weusi walifanyiwa upasuaji kwa uchache kuliko weupe, na walikufa mapema zaidi. Lakini waliofanyiwa upasuaji, weusi kwa weupe, waliishi karibu sawa.

Kikao kikitaka hadithi, kwa kuwa vikao hupenda hadithi kuliko asilimia, ipo moja ya kweli. Aprili 1933, mjini St. Louis, daktari Evarts Graham alimtoa daktari mwenzake, James Gilmore, pafu zima la kushoto lenye saratani. Haikuwa kazi iliyozoeleka wakati ule. Gilmore aliishi karibu miaka 30 baada ya hapo. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1950 alishirikiana na Ernst Wynder kuchapisha moja ya tafiti kubwa za mwanzo zilizoonyesha kwamba sigara inahusika na saratani ya mapafu. Aliacha kuvuta, lakini akiwa amechelewa. Mwaka 1957 alikufa kwa saratani ya mapafu, akamwacha mgonjwa wake akiwa hai.

Siku hizi si lazima pafu zima litoke. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, na kwa uvimbe mdogo kinachoondolewa kwa kawaida ni sehemu moja, au hata pungufu ya hapo. Umri peke yake haumzuii mzee kupasuliwa. Wenye miaka 70 na zaidi hupasuliwa. Daktari anachotaka kujua ni pumzi iliyobaki. Miongozo ya wataalamu inasema mgonjwa anayeweza kupanda ngazi hadi mita 22 kwenda juu ana hatari ndogo kwenye upasuaji huu. Mita 22! Watu wa Vidunda watacheka, kwa kuwa huo si mlima kwao. Ila ndiyo sababu habari ya babu kusimama mara tatu njiani inapaswa kufika kwa daktari, pamoja na mwezi ilipoanza. Hakuna mashine ya mjini inayoweza kumweleza hilo.

Safari yenyewe inajulikana: zahanati, kisha Mikumi, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Kizito, kisha rufaa ya mkoa Morogoro, kisha Dar es Salaam, ambako ni kama kilomita 300 kutoka Mikumi. Muhimbili wana madaktari wa upasuaji wa kifua. Ocean Road ni kwa mionzi na dawa za saratani. Na jeshi lina hospitali yake kuu, Lugalo, ambayo mstaafu anayo haki ya kuiulizia akiwa na vitambulisho vyake vya utumishi. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa gharama kwa sera ya afya ya nchi, lakini msamaha hutaka kadi au barua, na barua hutaka kumkuta mtendaji ofisini. CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliishia ngazi ya mkoa. Karatasi zote hizo zinaweza kutafutwa na mtu mmoja huku mjomba akiwa bado yuko kwenye basi.

Baada ya kisu huja kazi ambayo askari huiweza kuliko raia. Mgonjwa huamka na mpira wa kutoa maji ubavuni, maumivu yapo, na anaambiwa akohoe, avute pumzi ndefu, atembee korido siku ya pili. Asiyefanya hivyo hupata homa ya mapafu. Mzee aliyefundishwa kuamka kwa filimbi hufanya bila kubembelezwa.

Kinachowashinda ni sigara. Kwenye hospitali za maveterani za Marekani, zaidi ya nusu ya waliokuwa wakivuta walipofanyiwa upasuaji walikuwa bado wanavuta mwaka mmoja baadaye, na hao waliishi muda mfupi kuliko walioacha. Ni watu waliofunguliwa kifua, waliojua sababu. Kwa hiyo kumgombeza babu hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuifanya nyumba isiwe na sigara: kwanza kabisa, mtoto asitumwe dukani kumnunulia moja. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, lakini nani asiyejua kwamba "nimetumwa na babu" hufungua kila kioski. Mjukuu huyohuyo ndiye anayekaa mapajani wakati moshi unapanda. Na mama mkwe anayepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, ambaye hajawahi kushika sigara, naye ana mapafu; hilo hutajwa kwa nadra kwenye vikao.

Ugonjwa unaweza kurudi. Katika wale maveterani 9,904, ulirudi kwa takriban wanne kati ya kumi, ndiyo maana CT hurudiwa kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, hata kama mzee ameshaanza kupanda mlima na kulalamika kwamba nauli inapotea bure.

Picha zote, za eksirei na za CT, zisafiri pamoja naye kwenye bahasha kavu, si chini ya gunia la maharage kwenye buti la basi. Pembeni mwa kila picha kuna jina na tarehe. Siku 84 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya picha iliyoonyesha uvimbe kwa mara ya kwanza.